Kamba Iliyonitoka

Jumanne. Mvua imepiga tangu alfajiri. Nimechoka hadi ulimi umechoka, jambo ambalo watu wa Itungi hawataliamini.

Leo kaka yangu Ambakisye amemwita tena mkamwana wake kwa jina. Amemfuata hadi migombani, anacheka: "Tumpe! Unajificha nini? Njoo nikuone!" Tumpe ameangusha mtungi, amekimbia.

Kwetu baba mkwe na mke wa mwanawe hawaonani uso kwa uso. Na kaka ndiye aliyekuwa mkali wa hilo kuliko wote. Njiani alikohoa toka mbali, binti apate kupisha. Siku hizi hakohoi. Hutukana wageni, hulilia ndizi iliyoungua, mara anaimba.

Wazee wanasema Tumpe amemloga. Kesho wanakaa barazani. Wakikubaliana, atarudishwa kwao Busale na jina la mchawi.

Nimewaambia ni ubongo. Nani aujuaye ubongo ufukweni huku kama si mimi? Nimefua bendeji za daktari wa Kidachi miaka miwili. Nimeuona kwa macho yangu, wa mpagazi aliyepasuka fuvu: una mikunjo kama utumbo wa mbuzi, wala hautishi. (Nilizimia, lakini baadaye.) Daktari aligusa paji la uso wake akasema hapa ndipo mtu anapojizuia. Pakiumia, mkono utafanya kazi, ulimi utafanya kazi, haya itakuwa imekwenda.

"Na hapo aliumizwa na nani?" mzee mmoja akaniuliza.

"Mtumbwi tu," nikasema.

Mtumbwi tu!

Tulikuwa tunaushusha toka msituni, mpya, mzito. Kamba ya nyuma, ya kuuzuia, ninayo mimi. Nikawa nawasimulia nilivyocheza ngoma mbele ya askari, nikaachia mikono niwaonyeshe. Ukaporomoka. Kaka akageuka, ncha ikampata kwenye paji la uso. Wenzangu walidhani kamba imekatika. Nikawaacha wadhani hivyo.

Paji langu mimi ni zima kabisa, na bado sikujizuia. Kwa ajili ya kicheko.

Jioni nimekuta kapu la wali mlangoni. Ni Tumpe. Mimi pia hanioni, maana ndugu wa mkwe ni mkwe, lakini hajaniacha na njaa hata siku moja.

Ndaga, asante, mwanangu.

Kesho naibeba ile kamba, nzima, naitupa katikati ya wazee. Sitachekesha mtu. Na nikikaribia nyumba ya Tumpe, nitakohoa.