Radi Moja Tu, na Ruta Ikafa

Ijumaa, Magogoni

Ruta yetu ya intaneti imekufa, na aliyeiua ni mama.

Niliiacha ikipokea programu mpya, nikamwambia asiiguse. Radi ikanguruma mara moja tu upande wa Shanzu, akachomoa kila kitu ukutani, kama afanyavyo tangu tulipokuwa wadogo. Programu ilikatikia njiani, na sasa ruta inawaka taa nyekundu na inakataa paswadi. Nimebonyeza kitufe cha nyuma mpaka kidole kinauma.

Dada yangu Kadzo, aliye kazini Uarabuni, hupewa simu Ijumaa jioni tu, na hunipigia kwa intaneti. Wiki jana alininong'oneza, "Ijumaa ijayo nitakwambia kitu. Mama asisikie."

Nilipopata bando dukani, simu yake ilikuwa imeshazimwa.

Mama ananiuliza, "Mbona wanuna kwa kidude? Si nimetuokoa na radi, mwanangu?"

Nimemwambia ahsante.