Maboksi Matatu Yaliyorudi Kibondo

Kasulu mjini, Jumanne

Kaka Josia,

Shikamoo. Nakuamkia kwa sababu mama alitulea kuamkia wakubwa, hata mkubwa aliyejishusha mwenyewe. Hali ya mama sikuulizi wewe. Namuuliza Neema, maana mdogo wetu ndiye anayemsugua miguu asubuhi na jioni, wewe unapita mlangoni na kuuliza kama chai ipo. Mimi huku ni mzima. Nina afya ya kutosha kukasirika.

Barua hii nimeichapa kwa kompyuta, kwanza kwa sababu namba yangu umeifungia, pili usije ukasema mwandiko wangu haukusomeka. Kaa chini uisome mpaka mwisho. Ukiichana katikati utakuwa umejichelewesha tu.

Nianze na kazi yangu, kwa kuwa ulimwambia baba mdogo kwamba nina miaka tisa Kasulu na ninachofanya ni kukunja makaratasi kama mtoto wa chekechea. Sawa, nakunja makaratasi. Mtu ana harusi, ubarikio au mahafali, anakuja sebuleni kwangu ananiambia zawadi ni ya nani, anapenda nini, rangi ya shughuli ni ipi. Nachora kwenye kompyuta, naweka jina na picha, nachapa kwenye karatasi ngumu, nakata kwa kisu na rula, nakunja, nagandisha, nafunga utepe. Umeme ukikatika printa ikiwa katikati, karatasi hiyo imekufa na naanza upya. Mwezi uliopita nilimtengenezea mwalimu mstaafu boksi lenye sura ya ubao, na majina ya wanafunzi wake kama yameandikwa kwa chaki. Yule mzee aliyasoma yote kwa sauti kabla hajaangalia kilichomo ndani. Wewe kazi yako ya mwisho iliyomfurahisha mtu hivyo ilikuwa ipi?

Maboksi ya Neema niliyafanya kwa moyo kuliko yote. Kile kipande cha kitenge cha mama, cha bluu chenye ndege, nilikilaza kwenye kioo cha printa, nikakipiga picha, nikachapa ndege walewale kwenye karatasi. Kwa hiyo zawadi zilizotoka kwetu kwenda kwa wakwe, kule Rungwe Mpya, zilivaa kitenge cha mama. Boksi moja la baba yake Gidioni, mchumba wa Neema, moja la mama yake, moja la bibi yake. Ndani niliweka nguo tu, shati la mzee na khanga za akina mama. Ubavuni nikachapa kwa herufi nzuri: Familia ya Marehemu Mzee Kagoma, Kibondo.

Hapo ndipo nilipokosea, na kosa ni langu, nalikubali. Mzaliwa wa Kibondo mzima nilisahau kwamba kwetu chombo chenye jina la mwenyewe ni chombo cha kurudishwa. Sufuria zote za shughuli si zina majina kwa rangi ya kucha? Wale watu waliona jina la ukoo wetu ubavuni, wakajua nguo ni zao ila maboksi ni ya kwetu. Wakayatunza juu ya kabati yasilowe. Wewe ulipokuja Kasulu kufuata mabati na kupita kuwasalimia, wakakukabidhi uyarudishe nyumbani.

Kesho yake ukatuma picha kwenye kundi la ukoo. Maboksi matatu yamefunguliwa, yamepangwa kwenye meza ya mama, na maneno yako chini yake: "Wamerudisha matupu. Hilo ndilo jibu lao. Mwenye akili ameelewa." Nani wa kwetu asingeelewa? Kurudishiwa chombo kitupu na watu unaotaka kuoana nao ni kama kutemewa mate mlangoni. Baba mdogo akaandika kutoka Nyabibuye kwamba hatoi binti kwa watu wasiomtaka. Shangazi akalia kwa sauti ya kurekodi, dakika tatu nzima. Neema akaacha kupokea simu za Gidioni. Mimi nikauliza swali moja tu, ni nani aliyeyabeba, na kabla sijajibiwa ukanitoa kwenye kundi.

Kaka, ulipiga picha boksi ukamwonyesha fundi wa boksi. Ile picha niliifungua kwenye kompyuta nikaikuza. Boksi la mzee kitako chake kimevimba kama tumbo la mbuzi aliyekula mihogo mibichi. Mimi kitako kile nilikipima kwa ajili ya shati. Shati halivimbishi karatasi ngumu, maharage ndiyo yanayoivimbisha. La mama yake Gidioni lilikuwa na weupe kwenye mikunjo, unga umejibana pale mkono usipofika. La bibi lilikuwa na doa kwenye kona, la mviringo, linang'aa. Ulikung'uta, lakini hukukung'uta vizuri. Hata uovu wako ni wa haraka haraka.

Sikutaka kukuhukumu kwa picha. Jumamosi nikapanda pikipiki mpaka Rungwe Mpya. Mama yake Gidioni alikuwa anaanika mihogo.

"Mwakeye, mwana wanje," akaniamkia kwa Kiha, akiniita mwanawe. "Wewe si ndiye mwenye yale maboksi? Yalifika salama? Tuliogopa mvua, kitu cha watu kina jina."

Nikamuuliza, kwa adabu, waliyarudisha na nini. Alinitazama kama nimemuuliza wao hula au hawali.

"Tuyarudishe bila kitu? Sisi si watu? La mzee tulijaza maharage. Langu nikaweka unga wa muhogo, juu nikamlazia mama yenu kitenge, cha kijani. Bibi akaweka ubuki, asali ya mzinga wake, chupa mbili. Kaka yako akapokea kwa mikono miwili, akashukuru sana."

Kisha akasimama na ungo wake, akashusha sauti. "Tangu siku hiyo kimya. Mzee anasema labda watu wa Kibondo wameona zawadi yetu ni ya kimaskini. Gidioni hali vizuri. Kama hamtutaki, mwana, mngesema tu."

Niliona aibu mpaka masikio yakaniwaka. Nikamdanganya kwamba mama alikuwa anaumwa ndiyo maana hatujashukuru. Hivyo uongo wako sasa nami umenitia kwenye kundi lake.

Nilipofika nyumbani nikampigia mama, sikusema neno la maboksi. Akaniambia mwenyewe, bila kuulizwa, "Josia siku hizi ananijali, ameniletea asali nzuri kutoka huko kwenu, naiweka kwenye chai." Mama anakusifu, Kaka. Umeiba zawadi ya mama, ukamgawia mama kijiko kijiko, na umepokea shukrani yake. Na kitenge cha kijani nimekiona. Mkeo alikivaa kanisani Jumapili, akajipiga picha akaiweka kwenye simu yake watu waione. Kinampendeza. Si chake.

Usijisumbue kutafuta sababu ya kunieleza, sababu naijua. Msiba wa baba ulipokwisha ulinivuta nyuma ya banda ukaniuliza, "Neema akiolewa, mama tutamwachia nani?" Hukusema atakaa na nani. Ulisema tutamwachia nani, kama mzigo unaotafutiwa pa kutua. Neema ana miaka thelathini na moja. Wachumba wawili waliotangulia uliwakataa, mmoja kwa dini, mwingine kwa urefu, na sote tukanyamaza. Huyu wa tatu hukuwa na cha kumkataa nacho, ukatumia mikono ya mama yake kumtukana mama yako.

Na mimi sijitakasi. Niliondoka Kibondo nikamwachia Neema kazi ambayo ilikuwa yetu watatu. Nilituma maneno matamu na maboksi mazuri. Kwa hiyo nimeshaamua, na sikuombi ruhusa. Mama akikubali, atakuja kukaa kwangu. Sebule nimeigawa kwa pazia, kompyuta nimeisogeza dirishani, kitanda chake kimeshapata mahali. Akikataa kuhama, printa nitaibeba nije nikunjie makaratasi yangu hapo hapo uani kwenu, uyaone kila siku. Vyovyote vile, Neema hatabaki kwa sababu ya miguu ya mama.

Ninalotaka kwako ni moja. Jumamosi hii nenda Nyabibuye, umchukue baba mdogo, mwende wote Rungwe Mpya. Ukifika, usimtume yeye aseme. Sema wewe, kwa mdomo uliotumia kuwashukuru: tuliletewa maharage, unga, kitenge na asali, na mimi ndiye niliyevificha. Wale ni watu wa kusamehe. Mimi bado sijawa mtu wa namna hiyo, nisije nikakudanganya. Usipokwenda, kiti cha kupokea posa atakikalia baba mdogo na shughuli itaendelea bila wewe.

Mama mwambie nampenda, na asali anywe, ni yake. Mkeo msalimie, mwambie kitenge akifue vizuri, akikunje, akimpe mwenyewe. Shangazi mpe pole kwa koo lake. Watoto wako wabusu, hao hawana kosa.

Jambo la mwisho. Nakala za barua hii nimechapa mbili, nazipakia basi la leo kwa jina la Neema. Yake nimemwambia aisome kwanza, kisha akuletee yako. Kwa hiyo huyo aliyekukabidhi karatasi hii, na ambaye nadhani bado amesimama hapo mlangoni, anajua kila kitu. Usinijibu mimi. Inua uso umjibu yeye.

Ni mimi mdogo wako,
Esta