Gari Nililolikuta Limelala

Jumapili, jioni. Mvua ilinyesha Musoma mchana, sasa kumekauka na ziwa limetulia. Nimechoka, mgongo unauma, na nina furaha ambayo sijaipata siku nyingi.

Tumenunua gari.

Si la kutisha watu. Ni gari la chini, jeupe, la zamani kidogo, mlango mmoja wa nyuma umebonyea. Lakini nimelichagua mimi, na leo naomba nijisifu bila aibu.

Nafundisha Butiama, shule iliyo ndani, mbali na lami. Mume wangu anauza samaki Mwigobero, hapa Musoma. Alfajiri hakuna usafiri wa kunifikisha shuleni kabla ya kipindi cha kwanza, kwa hiyo siku za kazi nimekuwa nikilala chumba cha kupanga huko huko. Binti yetu Nyangeta tulimpeleka kwa wazazi wangu, Mugeta, akiwa bado anavaa nepi. Tulisema ni kwa muda mfupi tu. Muda ukarefuka.

Juzijuzi nilimsikia anamwita bibi yake "mama". Mimi ananiita "mwalimu", kama anavyosikia kwa majirani. Nilicheka mbele za watu, kisha nikaenda kulia chooni.

Nikiwa na gari ninaweza kuishi Musoma, nikaenda kazini asubuhi na jioni nikarudi kwa mwanangu. Nikinunua bovu, litanilaza njiani, nitaanza kuchelewa vipindi, na mtoto atarudishwa Mugeta. Hatukuwa na uwezo wa kukosea.

Mume wangu alishapenda lake. Dalali mmoja hapa mjini alikuwa na gari la rangi ya fedha, rimu zinang'aa, redio ya kioo kikubwa. Kila tulipokwenda tulilikuta linanguruma tayari, kiyoyozi kinapuliza, tunakaribishwa ndani kama wageni wa harusi.

"Mwalimu, hii gari haisumbuagi," dalali aliniambia. Mume wangu alikuwa ameshaanza kutafuta stesheni.

Mimi roho ilikataa. Nilikuwa sijawahi kuliona gari lile likiwa limezimwa.

Baba yangu hanunui ng'ombe aliyesimama. Nilipokuwa mdogo kaka zangu walikuwa wazito kuamka, basi akawa ananichukua mimi. Tunafika kwenye boma la watu kungali na umande, ng'ombe wamelala, naye anasimama kimya amtazame anayemtaka anavyoinuka. Anaangalia kama miguu inatetemeka, kama mnyama anajinyoosha au anabaki ameinamisha kichwa. Akikuta muuzaji ameshamwamsha, baba anashukuru kwa heshima na tunarudi mikono mitupu.

Nikasema twende kwa dalali alfajiri, bila kupiga simu. Mume wangu alinuna.

"Mama Nyangeta, gari siyo ng'ombe."

Alikubali tu ili nimpe amani. Tulipofika tulimkuta dalali na jirani zake wanasukuma gari lile lile kwenye kamteremko ka mbele ya geti, ili wateja wa siku hiyo walikute linanguruma. Mume wangu ni mtu wa kusaidia watu. Akakunja mikono ya shati, akaingia nyuma, akaanza kusukuma na yeye. Alishasukuma kidogo ndipo akasimama, akaniangalia. Nilijikaza nisicheke mpaka tukafika kona.

Kutoka hapo hakunitania tena. Yeye mwenyewe ndiye aliyesikia kwamba Bunda kuna nesi mstaafu anauza gari lake.

Jana tulifika kwake asubuhi na mapema. Gari lilikuwa uani, umande umejaa kwenye vioo, kuku wanatoka chini yake. Niligusa boneti: baridi kama sufuria ya jana. Mama wa watu alishangaa nilipomwomba asiliguse, anipe ufunguo niwashe mwenyewe. Likakohoa kidogo, likawaka. Moshi haukuwepo. Nililiacha lingurume. Fundi tuliyekwenda naye aliingia chini, akatoka akisema bushi za mbele zinataka kubadilishwa, mengine yako sawa, na spea zake zinapatikana hata Musoma. Kadi ya gari ina jina la nesi mwenyewe. Tukalipa.

Leo tumelipeleka Mugeta. Baba alilizunguka polepole, akaweka kiganja juu ya boneti, akakiondoa upesi.

"Hii sasa haisemi kitu, imetembea," alisema. "Uliikuta imelala?"

"Niliikuta imelala, baba."

"Ikaamka yenyewe?"

"Yenyewe."

Akalipigapiga ubavuni, mlangoni pale palipobonyea, akamgeukia mume wangu. "Huyu nilikuwaga nakwenda naye kununua ng'ombe," alimwambia. "Kaka zake walikuwa wamelala."

Baba si mtu wa kusifia. Nilisimama pale kwenye tope na viatu vyangu vya kanisani, nikasikia kifua kimejaa.

Kisha muda wa kuondoka ukafika. Kila Jumapili Nyangeta ananiletea mkoba wangu mpaka barabarani, ananikabidhi, ananipungia mkono. Hajawahi kulia. Bibi yake anasema amezoea, na hilo ndilo lililokuwa linaniumiza. Leo pia akauleta, akaniambia "safari njema mwalimu", akarudi nyuma kidogo, mkono uko juu tayari.

Nikafungua mlango uliobonyea.

"Panda."

Aliangalia kiti, akamwangalia bibi yake, akaniangalia mimi. Mama yangu alikuwa ameshatoka ndani na kifurushi cha nguo zake, anajifuta macho kwa kanga na kusema ni moshi wa jikoni. Mtoto akapanda, mkoba wangu bado kaukumbatia.

Amelala chumba cha pili sasa. Bado ni "mwalimu", sina haraka. Kesho ni Jumatatu, na mwanangu ataamka nikimwona.