Mashine ya Mlangoni na Ng'ombe Sita wa Nyanda

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo Kidogo cha Polisi, Kasoli, Wilaya ya Bariadi
Tarehe 12 Juni 2008, saa 8:15 mchana

Jina: Monika Masele
Umri: Miaka 27
Kabila: Msukuma
Kazi: Fundi kompyuta, ofisi ya umoja wa wafugaji, Bariadi mjini
Makazi: Bariadi mjini, karibu na stendi

Nimekuja kituoni kwa pikipiki, kwa hiari yangu, bila kuitwa na mtu. Nimeonywa kwamba nikisema uongo nitashtakiwa, nami nimeelewa. Mzee Mayala mliyemweka mahabusu si mwizi. Koplo Novatus ameniambia nianze mwanzo na nipunguze kasi, kwa sababu mkono wake unaandika na mdomo wangu unakimbia.

Umoja wetu una ukurasa wa intaneti wenye orodha ya ng'ombe walioibwa: rangi, chapa, masikio yalivyokatwa, na jina la mwenye mali. Tangu kampuni za simu zilipoachiwa kushindana na minara ikaota kila kilima, watu wengi wana simu zinazofungua intaneti. Siku ya mnada, kabla hela haijatoka mfukoni, makarani, wachuuzi na sungusungu, wale walinzi wa jadi, hufungua orodha hiyo. Watu mia tatu wanabisha hodi ndani ya saa moja, na sisi tuna seva mbili za mtumba, yaani kompyuta zinazotunza orodha. Mnada wa wiki iliyopita zote mbili zilizimika, na ng'ombe wa wizi wakauzwa mchana kweupe. Iliniuma sana.

Mnamo tarehe 11 Juni 2008, siku ya Jumatano, niliweka kompyuta ya tatu mbele ya zile mbili. Hapa Koplo ameniuliza, "Huyo anayekaa mbele ni nani?" Nimemjibu, "Ni kompyuta, afande." Kazi yake ni kukaa mlangoni. Mtu wa kwanza akiuliza orodha, inaingia ndani kuichukua kwenye seva, inampa, na yenyewe inabaki na nakala. Wa pili hadi wa mia tatu wanapewa ile nakala palepale mlangoni, na seva za ndani hazisumbuliwi hata kidogo. Ilianza kazi saa 11:00 jioni. Nilipoijaribu kwa simu yangu, ukurasa ulifunguka kabla sijatoa kidole. Nilipiga vigelegele peke yangu ofisini, mlinzi akaja mbio na rungu.

Niliiagiza ikae na nakala saa ishirini na nne ndipo irudi ndani kuchukua nyingine. Hapo ndipo nilipokosea. Nilifikiri hivi: ng'ombe akiongezwa kwenye orodha, karani wetu huandika kabla ya saa 11:00 jioni. Na kuhusu kuondolewa, afande, wewe unatujua sisi Wasukuma. Mtu akiibiwa ng'ombe atapiga simu mara kumi. Akiwapata, anakwenda kuwafunga zizini na kula ugali wake, sisi anatukumbuka baada ya mwezi. Tangu niajiriwe sijaona mtu akitoa taarifa ya kupata ng'ombe siku ileile. Kwa hiyo sikuona haraka inatoka wapi.

Leo tarehe 12 Juni, saa 1:55 asubuhi, alinipigia simu mfugaji anayeitwa Nyanda, ambaye aliibiwa ng'ombe sita Jumamosi iliyopita. Yeye hana simu, alitumia ya mwalimu wa kijijini kwake. Alinisalimu Kisukuma, akasema, "Mwangaluka, mayu. Ng'ombe zangu zimerudi. Sungusungu wamezikuta porini jana, upande wa Kiloleli. Zitoe kwenye kompyuta yako, leo ni za mahari ya kijana wangu." Alisema mdogo wake, Mayala, ndiye anayezipeleka Kasoli, kupitia mnadani, kwa Josia, baba wa binti, na kwamba wazee wa pande zote mbili wanakutana leo kuzikagua.

Saa 2:10 asubuhi niliwafuta wale sita kwenye orodha. Nikafungua ukurasa kwenye kompyuta ya mezani kwangu, nikaona hawamo. Nikaridhika. Ila kompyuta yangu iko ndani ya ofisi pamoja na seva, haipiti mlangoni. Nilikuwa kama mpishi anayeonja chungu jikoni huku wageni sebuleni wanapakuliwa kiporo.

Mnada wa leo hapa Kasoli ulipochangamka nilikaa kuitazama mashine yangu. Saa 4:00, watu mia. Saa 4:30, mia mbili na kumi. Seva za ndani zilikuwa zimetulia tuli. Nilifurahi mno, na sitaficha eti kwa sababu niko polisi.

Saa 5:20 asubuhi alinipigia Sayi, karani wa mnada wa hapa Kasoli. Alisema, "Mayu Monika, kazi yako si mchezo. Tumekamata mwizi na ng'ombe sita." Niliruka, nikawatangazia ofisi nzima, wakanipigia makofi. Kisha nikamwambia anisomee chapa. Akasoma, "Wekundu wawili, weusi watatu, mmoja kijivu kakatwa sikio la kushoto. Chapa NY, paja la kulia." Walikuwa walewale wa Nyanda niliowafuta asubuhi.

Nilimuuliza Sayi huyo mtu anasemaje. Alijibu kwamba anasema yeye ni mdogo wake Nyanda, na wao wamemwambia kila mwizi ana kaka. Alisema mwano, ule ukelele wa kuita watu mwizi akionekana, umepigwa, watu wamejaa, na sungusungu wamemfunga mikono. Nilimpigia kelele asimruhusu mtu yeyote kumgusa, amlete hapa kituoni. Namshukuru Sayi, alifanya hivyo. Nilijaribu simu ya mwalimu ili nimpate Nyanda, haikupatikana, na mpaka sasa haipatikani.

Saa 5:40 niliifuta ile nakala ya mlangoni na kuiagiza mashine iende ndani kuuliza kila dakika moja. Nikachapisha kumbukumbu zake, ambamo mashine huandika yenyewe kila anayehudumiwa. Ninazikabidhi. Mstari niliopigia kalamu unaonyesha kwamba saa 5:05 mtu wa mnada alipewa orodha iliyochukuliwa jana saa 11:00 jioni. Mashine haikudanganya. Ilifanya nilivyoiambia.

Nilipofika hapa nilipita kwanza dirisha la mahabusu. Nilisema, "Mwadila, baba," nikamweleza kwamba kosa ni langu. Mzee Mayala aliitikia salamu, kisha akasema, "Mimi nitatoka tu, mayu. Lakini Josia ametuma neno. Ng'ombe zilizopigiwa mwano wa wizi mbele ya mnada mzima hazipokei, mpaka polisi wenyewe waseme ni safi. Jua likizama hazijaingia zizini kwake, wazee wanaondoka." Nimeona aibu ambayo sijawahi kuona. Ndiyo maana naongea haraka, afande.

Koplo ameniuliza kama nitaiondoa hiyo mashine. Nimejibu hapana. Ni mashine nzuri mno, wiki ijayo itakamata mwizi wa kweli.

Nimesomewa niliyoyasema, hakuna lililoongezwa wala kupunguzwa, nami natia sahihi.

(Sahihi) Monika Masele

MAELEZO YA AFISA: Nimeandika haya kama shahidi alivyosema, na nimemsomea. Saa 9:20 alasiri nimefungua ukurasa kwa simu yangu. Ng'ombe sita wenye chapa NY hawamo. Kumbukumbu alizoleta zinaafikiana na maelezo yake. Mayala ameachiwa huru na kukabidhiwa ng'ombe wote sita. Nilimwambia nitampa barua ya kumpelekea Josia. Alijibu kwamba mwano ulipigwa kwa sauti, barua haitasikika. Nimefunga ofisi saa 9:45, nimevaa kofia, nimetembea mbele ya ng'ombe katikati ya mnada hadi zizini kwa Josia, shahidi akiwa nyuma yao na fimbo. Wamehesabiwa wakiingia, wote sita.

(Sahihi) Koplo Novatus