Trai za Baba na Yule Kijana wa Winga ya Kushoto

Kosa tunalofanya wengi hapa mjini ni kudhani kwamba rekodi ikivunjwa, aliyeiweka amefutwa. Barua ya leo imeniletea kosa hilo mpaka mezani.

"Mshauri wetu mpendwa, nakuomba unisaidie maana jambo hili nimechoka kulibeba peke yangu. Baba yangu, Ronnie Oldroyd, ndiye mwenye rekodi ya trai nyingi kuliko zote ndani ya msimu mmoja katika klabu yetu ya raga, thelathini na nane, mara zote hizo aliuweka mpira chini nyuma ya mstari wa wapinzani wakati migodi bado inafanya kazi na yeye mwenyewe anatoka shimoni Jumamosi asubuhi, anaoga, anakula, anakwenda kucheza, nami nimekua nikisikia watu wakimwita Thelathini na Nane hata dukani kwa muuza chipsi. Sasa huyu kijana kutoka visiwa vya Tonga, Semisi Vaipulu, winga wetu wa kushoto, amezifikia, imebaki moja tu avunje, na klabu inataka Baba ashuke uwanjani kwenye mechi ya Jumapili amkabidhi mpira akiivunja, naye amekataa katakata, hata baa haendi tena tangu wamtanie, 'Ronnie, tukuite nani sasa?' Jumatano kijana alikuja mwenyewe, ameshika pai ya nyama, akasema, 'Mzee, naomba uje.' Baba akamjibu, 'Nyie mnakimbia kwenye zulia. Sisi tulikimbia kwenye tope.' Kijana akasema, 'Basi niambie hilo tope lilikuwaje.' Baba akafunga mlango, lakini hakuondoka nyuma ya mlango mpaka kijana alipokwenda zake. Nami, nisamehe, nimeanza kumwombea kijana wa watu aumie msuli. Nimlazimishe Baba aende, au nimwache? Sheila."

Sheila mwanangu, kwanza acha hiyo dua. Mguu wa mtoto wa watu haujakukosea.

Hata hivyo nakuelewa. Nilikuwa nikisimama upande wa uwanja ulio kando ya mfereji, mvua ikiniingia kwenye kola, baba yako anapita pembeni huku mabeki wawili wamemning'inia, anateleza na mpira mpaka kwenye kona, kisha anainuka meno tu ndiyo meupe. Trai siku hizo ilikuwa pointi tatu. Leo ni nne. Sisi tulicheza majira ya baridi. Hawa wanacheza kiangazi. Ndiyo maana pointi za zamani na za sasa hazilinganishwi hivi hivi. Lakini trai ni trai, na kijana amezipata kihalali. Baba yako anajua hilo, ndiyo maana limemuuma.

Takwimu zina upungufu mmoja: hazihifadhi tope. Anayeweza kulisimulia yuko jikoni kwenu, na katika mji mzima aliyekuja kumuuliza ni mmoja tu. Huyo ndiye mliyemfungia mlango!

Mkumbushe pia namba yake ya urithi. Kila anayeichezea klabu hii kwa mara ya kwanza hupewa namba kwa mfuatano wa kuingia kwake, tangu yule wa kwanza kabisa. Baba yako ni 611. Semisi ameshonewa yake ndani ya kola, na hata afunge trai mia, hatakuwa 611. Hakuna atakayekuwa.

Usimburute uwanjani. Akitaka kwenda Jumapili, utamwona anapiga viatu rangi bila kuambiwa.

Leo hii, weka birika jikoni, ukamgongee Semisi, umwambie aje anywe chai na aulize tena lile tope lilikuwaje.