Sosthène, Uliyemnawisha Mgeni Mikono

Mwaka mmoja umekwisha kupita, Mwalimu Sosthène, tangu asubuhi ile ya Machi 2016 ulipotoka nyumbani kwetu Hopkins, hapa Minnesota, kwenda kazini, ukafuta theluji kwenye kioo cha gari, na moyo wako ukasimama kabla hujafungua mlango. Jirani ndiye aliyekukuta. Alisema ulikuwa umeegemea gari kama mtu anayepumzika. Hatukuwahi kukuona ukipumzika, kwa hiyo tulijua mara moja.

Tunakumbuka tai yako. Uliivaa hata ukienda kufua nguo. Tunakumbuka ulivyoita theluji unga wa Mungu usiosongeka ugali, mwaka hadi mwaka, na kila mwaka ukacheka peke yako. Watoto walipokujibu kwa Kiingereza ulijifanya kiziwi mpaka waseme upya kwa Kiswahili, na aliyekosea alirudishwa mwanzo wa sentensi, hata kama chai ilikuwa inapoa.

Mchana uliwatunza wazee katika nyumba ya wazee. Uliwaogesha, ukawalisha, ukawaimbia. Wale waliokwisha kusahau lugha yao wenyewe uliongea nao Kiswahili, nao wakatulia na kukusikiliza. Bukavu ulikuwa mwalimu wa chuo. Kazini hapa hukumwambia mtu. Ulisema kazi ya mkono haina aibu, na hilo ulilisema kwa moyo mweupe.

Lakini jioni ulikuwa na mapenzi mengine, na hayo ndiyo tunayotaka kuyaandika leo. Ulikipenda chuo kimoja kidogo cha Kanada, Chuo Kikuu cha Elmsgate, kule Manitoba, ambako ulisoma kwa njia ya posta ungali kijana Bukavu. Hukuwa umekiona kwa macho, lakini historia yake uliijua kama mtu anavyojua ukoo wa mama yake. Ulitusimulia mezani: jinsi watu waliokimbia vita vya Ulaya walivyofika katikati ya mashamba ya ngano, wakajenga nyumba moja ya mbao, wanafunzi wakalala darasani kulikokuwa na jiko, na mwalimu wa hesabu akawa ndiye mpishi. Baadaye yakaja majengo ya matofali, ikaja maktaba, ikaja ruhusa ya serikali ya kutoa digrii.

"Chuo kile kilijengwa na wakimbizi," ulikuwa ukisema. "Sisi tunashindwa na nini?"

Hukushindwa. Mwaka 2011 ulifungua darasa katika chumba cha chini cha kanisa letu. Waliokuja walikuwa watu wetu, Wakongo na Wakenya, watunza wagonjwa na wasafishaji, wengi wao wakitoka kazini moja kwa moja na macho mekundu. Uliwafundisha mwili wa binadamu, sheria za kazi yao na namna ya kuandika hoja, vyote kwa Kiswahili. Wairimu, nesi wa kutoka Nyeri, hakukuachia nafasi ya kupumua.

"Mwalimu, hiki Kiswahili chako cha Kongo kinahitaji visa."

"Na chako cha Nyeri, dada, kiliomba kikanyimwa."

"Sawa, lakini mimi nimetoka shifti. Nikilala usinipigie kelele."

"Lala. Sikio ulibakize nje ya blanketi."

Darasa lilipojaa hadi kwenye ngazi, ulianza kuwapigia simu Elmsgate. Uliwapigia wakati wa mapumziko ya kazi, umesimama kwenye stoo ya mashuka. Waje waone, waliweke darasa hili chini ya bawa lao, watu wapate cheti kinachotambulika. Walikuzungusha miezi mingi. Hatimaye Profesa Wendell akaendesha gari kutoka Manitoba, akaja.

Siku hiyo, Mwalimu, ndipo ulipokosea. Ni mwaka mzima tumekuwa tukiogopa kulisema.

Chakula kilipokuwa tayari, Wairimu alishika birika na beseni ili amnawishe mgeni. Ulimnyang'anya.

"Mwalimu, wewe ndiye mkubwa hapa! Kaa kwenye kiti chako, mimi ninawishe watu."

"Kiti nimempa mgeni. Na mgeni wa namna hii hanawishwi na mwingine. Hunawishwa na mwenye nyumba."

Sisi tulielewa. Kwetu, mwenye mji akiinama mwenyewe na birika, hakuna heshima iliyobaki ya kumpa mgeni, amempa yote. Ukainama, ukamwaga maji, taulo begani. Kisha ukamwomba yeye ndiye alifungue darasa rasmi, atoe neno la kwanza. Wewe ulisimama karibu na mlango, ukipiga makofi. Mtu mmoja akapiga picha.

Darasa likawa tawi la Elmsgate, na tawi likakua. Kutoka chini ya kanisa likahamia vyumba vya kupanga karibu na maghorofa ya mtaa wa Cedar-Riverside, wanafunzi wakawa wanashuka kwenye treni na kuingia darasani. Kutoka hapo likapata jengo lake huko Saint Paul, lenye milango ya vioo. Elmsgate, chuo kilichokuwa hakijulikani nje ya mashamba yake ya ngano, kikaanza kujitangaza kuwa ni chuo cha nchi mbili. Na kadiri kilivyokua, wewe ulipungua. Kwanza Kiswahili kiliondolewa darasani ili, walisema, kulinda ubora. Kisha masomo yako yakapewa wengine. Wakakuita mshauri wa jamii, maana yake ulikuwa ukiitwa kwenye sherehe ili upeane mikono na watu weusi wenzako. Mwishoni hukuitwa.

Jengo jipya lilipofunguliwa, mwaka 2014, tulikwenda sote tumevaa vizuri. Ukumbini kulikuwa na ukuta mzima wa historia ya chuo. Wale wazee wa Ulaya wapo, kila mmoja kwa jina. Hata mwalimu aliyekuwa mpishi yupo. Kisha ikaja picha ya kanisani kwetu: mgeni amenyoosha mikono, wewe umeinama na birika. Chini yake wameandika kwamba Profesa Wendell, mwanzilishi wa tawi la Minnesota, anakaribishwa na mhudumu wa kanisa.

Elisée, mwanao, ndiye aliyesoma kwanza. Akakuuliza kwa Kiingereza chake, na siku hiyo hukujifanya kiziwi: Baba, mbona wameandika wewe ni mhudumu?

"Mwenyeji ni mhudumu wa mgeni wake, mwanangu. Hawajakosea."

Mkeo, Mama Héritière, akakuambia pale pale, mbele ya ukuta, "Baba Héritière, nenda ukawaambie."

"Nikawaambie nini? Kwamba mimi ni mkubwa? Chema chajiuza."

Kimeuzwa, Mwalimu. Waliokiuza ni wengine.

Uliendelea kukisifu chuo kile mpaka asubuhi ile ya theluji. Hatukulaumu wewe kwa unyenyekevu. Tunawalaumu waliouona unyenyekevu wakaudhani ni cheo chako.

Ulipotutoka, Mama Héritière alimchukua Wairimu, wakaenda kumwona mama anayeongoza tawi. Hawakuomba sanamu. Waliomba maneno yale chini ya picha yabadilishwe na jina lako liandikwe. Mama yule aliwapokea kwa tabasamu. Alisema picha ile inapendwa sana na wageni, inaonyesha ukarimu wa Kiafrika. Alisema kubadilisha historia ni jambo la kamati. Alimpigia simu Profesa Wendell mbele yao, sauti ikasikika chumba kizima. Profesa alisema hakumbuki vizuri nani alikuwa nani siku ile, ila anakumbuka chakula kilikuwa kitamu mno.

Kisha mama yule akatoa zawadi. Chuo, alisema, kiko tayari kuliita jiko la wanafunzi kwa jina lako. Jiko la Sosthène. Kutakuwa na kibao, na mashine mpya ya kahawa.

Mama Héritière akamuuliza Wairimu, "Amesema nini?"

"Mama, afadhali nisitafsiri."

"Tafsiri, dada. Nimezika mume, sitauawa na sentensi."

Alipoisikia alisimama, akafunga kanga yake vizuri. "Mwambie kwamba mume wangu alijua kupika. Lakini pale hakupika. Pale alizaa." Wakaondoka bila kunywa chai yao.

Na sasa mwaka umetimia, na kwetu mwaka ukitimia matanga huondolewa. Watu hukusanyika, wajane huvua nguo nyeusi, na mzee wa ukoo husimama kuikabidhi kazi ya marehemu: kama alikuwa na shamba, anatajwa atakayelima, kama alikuwa mganga, anatajwa atakayeshika dawa. Tulikuwa tumepanga iwe Jumamosi hii. Ndugu wa Oakdale walikwisha nunua mchele. Elisée alikuwa amekubali kusimama mbele ya watu, apokee, na alikuwa akijifunza maneno yake kwa Kiswahili akiwa bafuni.

Juzi Mzee Janvier, mkubwa wa ukoo hapa, alikuja nyumbani, akakaa muda mrefu bila kuvua koti.

"Nimejaribu kuyapanga maneno," alisema. "Yananikatalia. Nitasema namkabidhi kijana kazi ya baba yake. Kazi ipi? Ile ya ukutani ina mwenyewe, na mwenyewe yuko hai, anakula vizuri. Nimkabidhi mtoto birika?"

Tulimsihi. Tulimwambia Mama Héritière amechoka na nyeusi, kazini kwake wanamuuliza kila wiki kama kuna msiba mpya. Mzee akamgeukia yeye mwenyewe.

"Binti yangu, wewe ndiwe unayeivaa. Ukisema niondoe, nitaondoa, hata mdomo ukinikauka."

Alifikiri. Sote tulimtazama, na hatuoni haya kusema kwamba baadhi yetu tuliomba aseme ndiyo.

"Nikiivua leo," alisema, "nitakuwa nimekubali kwamba nilikuwa mke wa mhudumu wa kanisa. Naye hakuwahi kuniambia uongo hata siku moja. Basi na mimi siwezi kumsemea uongo kaburini."

Kwa hiyo mliokuwa mje Jumamosi, mjue hakuna sherehe. Mchele upelekwe kwa wagonjwa. Matanga ya Mwalimu Sosthène hayajaondolewa, na hayataondolewa mpaka jina lake liandikwe mahali pake. Nanyi mliosoma chini ya kanisa lile, wenye vyeti vyenu na kazi nzuri mahospitalini, mnaopita mbele ya ukuta ule kila muhula mkiinamisha macho: huyu mliyemwita mwalimu bado yuko kilioni.

Wanaokulilia ni mkeo Euphrasie, Mama Héritière. Wanao Héritière na Elisée. Dada yako Mutesi wa Oakdale. Kaka yako Munyaneza aliyebaki Bukavu. Mzee Janvier na ukoo wote. Na Wairimu, mwanafunzi wako, aliyeomba aandikwe kama ndugu.

Hatutakusahau, Mwalimu, siku zote za uhai wetu. Na wao hatutawaacha wakusahau.