Betri za Sumaku Zilipokwenda Msibani

Soweto, Mbeya
Jumapili, baada ya ibada

Mama Neema, mke wangu,

Kamwene. Naanza na salamu ya kwenu ili usije ukasema Mbeya imenibadilisha ulimi. Mnaendeleaje huko Mafinga na baridi yenu? Kifua cha Neema kimepoa? Usiache kumvalisha lile sweta zito anapokwenda shule, hata akilia kwamba linamwasha. Na mdogo wake je, bado anakataa uji mpaka aitiwe kuku waje kumnyang'anya? Mwambie baba yake anasema kuku wakizoea uji wake, yeye ndiye atakayebaki kutaga mayai. Mimi ni mzima. Mikono yangu yote miwili ipo. Najua hilo ndilo unalolitafuta katika mistari hii, kwa hiyo nimelitanguliza ili usome kwa utulivu.

Nimeamua kuandika kwa sababu simu imetushinda. Kila tukigusa habari ya mashine, wewe unalia, mimi napandisha sauti, salio linakwisha, na kila mtu analala na lake moyoni. Karatasi haikatizi mtu. Isome mpaka mwisho, halafu ndiyo uamue.

Uliniambia hivi: "Rudi nyumbani, Festo. Nimemfunga baba vifungo vya shati tangu nikiwa mtoto. Sitaanza tena kwako." Maneno hayo natembea nayo. Sikukasirika, ingawa ulidhani nimekasirika. Najua unasema kitu ulichokiona kwa macho yako. Msumeno ulipochukua mkono wa baba mkwe pale kiwandani, wewe ndiye uliyegeuka kuwa mkono wake. Ulimfunga vifungo, ulimmenyea viazi, na ulinisimulia jinsi ulivyokuwa unamshikia karatasi mezani ili isiteleze wakati anaandika barua kwa mkono uliobaki. Kwa hiyo nilipokueleza yaliyompata Ambakisye ukakata simu, sikushangaa. Niliumia, lakini sikushangaa.

Ambakisye ni yule mwenzangu wa karakana, Mnyakyusa wa Tukuyu, aliyenipokea nilipofika hapa sina hata godoro. Wewe unamjua kwa sauti tu, kwa kuwa kila ukipiga simu lazima akusalimie kwa makelele. Sikuwahi kukueleza vizuri kilichotokea siku ile. Nilikwepa, nikaongea juu juu, na pengine ndiyo maana hofu yako imezidi. Ngoja nieleze.

Mashine yetu ya kunolea visu vya randa ina jiwe linalozunguka kwa juu, na chini yake kuna meza ya chuma. Kisu hakifungwi kwa bolti. Kinashikwa na sumaku iliyomo ndani ya meza. Ukiwasha umeme, meza inakishika kisu huwezi hata kukisogeza. Ukizima, inakiachia. Ubaya wake ni huu: umeme ukikatika, sumaku inaachia palepale, lakini jiwe halisimami palepale. Linaendelea kuzunguka kwa kasi liliyokuwa nayo. Siku ile umeme ulikatika katikati ya kazi, sumaku ikaachia, jiwe likakirusha kisu, nacho kikamchana Ambakisye kiganja cha kulia. Alishonwa na kidonda kikapona, lakini vidole vyake vinakunja nusu tu.

Kilichoniumiza zaidi ni alivyokuwa baadaye. Alikuja kazini kila siku, akakaa mlangoni anasugua kutu kwa brashi ya waya. Akisikia jiwe linaanza kuvuma, anaaga kwenda chooni. Mtu mzima, mwenye tumbo zima, hawezi kwenda chooni mara zote hizo, nasi sote tulijua. Tajiri wetu akaanza kutafuta mtu wa Makongolosi wa kumuuzia mashine. Ingeuzwa, mimi ningerudi Mafinga, nawe ungepata ulichokitaka. Lakini Ambakisye angebaki mlangoni maisha yake yote, anaogopa hata kelele. Nikamwomba tajiri anipe nafasi nijaribu kuitengenezea sumaku namna nyingine ya kupata umeme. Akasema sawa, ila nisimchomee karakana.

Mimi umeme siujui, na wewe unajua nilivyounganisha ile redio ya mama. Nikaenda kwa Dada Tusekile, fundi wa kusuka mota hapa jirani. Ana kibanda kimejaa waya wa shaba na harufu ya vanishi, na ulimi wake mkali kuliko kisu chochote tulichowahi kunoa. Nikamweleza. Akasikiliza huku anafunga uzi kwenye koili ya waya, akasema, "Kumbe wewe unataka sumaku isijue kama umeme umekatika." Sijasikia mtu akiisema shida yangu kwa ufupi hivyo.

Akanifundisha. Umeme wa ukutani unakwenda na kurudi, na sumaku ya namna hii ukiipa huo inanguruma tu kama nzi ndani ya kopo. Inataka umeme unaokwenda upande mmoja, kama wa betri. Basi tukaifungua meza, yeye akasuka koili upya kwa waya mnene ili zitosheke na nguvu ya betri mbili za lori. Mimi nikatengeneza sanduku. Ndani yake tukaweka transfoma ya kupunguza umeme, daiodi za kuunyoosha uende upande mmoja, na waya za kwenda mezani. Betri zinakaa hapohapo pembeni kwenye sanduku lao la mbao lenye kifuniko, zinachajiwa muda wote. Umeme ukiwepo, sumaku inakula wa ukutani. Ukikatika, betri zinapokea bila kuulizwa. Halafu Dada Tusekile akaongeza rilei, na kazi yake ni kama ya mlinzi wa geti: betri zisipokuwepo, au zikiwa zimechoka, jiwe halipati ruhusa ya kuzunguka.

Siku ya kwanza kujaribu, sumaku ilishika vizuri sana. Nikazima swichi kwa fahari, ikatoka cheche ya bluu na mlio, na swichi yenyewe ikaungua mkononi mwangu. Usishtuke, niliachia mapema. Nilikuwa nimesahau daiodi moja ambayo kazi yake ni kutuliza koili inapokatiwa umeme ghafla, maana koili haipendi kukatishwa. Dada Tusekile akasema, "Na wewe hupendi, kwa hiyo mtaelewana." Ambakisye akacheka kule mlangoni. Mama Neema, tangu aumie sikuwa nimemsikia akicheka. Nikatamani swichi iungue tena.

Tukaweka daiodi, tukaweka swichi mpya, na mashine ikafanya kazi siku kadhaa bila tatizo. Umeme nao, kwa ujeuri wake, haukukatika hata kidogo. Nilikuwa nauombea ukatike nione, ukawaka kama wa Ulaya.

Hapo ndipo ukatokea msiba mtaani kwetu, bibi wa nyumba ya tatu kutoka karakana. Unajua mambo ya msiba, na huku ni yaleyale. Tulikwenda wote, tukachanga, tukakaa kwenye viti vya kukodi, tukaimba. Spika zilikuwa zinalia vizuri, taa zinawaka hadi nje, nami nikamnong'oneza jirani yangu kwamba leo vyombo vimejipanga. Nikaimba pambio mpaka koo likauma.

Kesho yake asubuhi vikafika visu vya kaka yako kwa basi, vimefungwa kwenye ile suruali yake ya zamani. Alikuwa amepiga simu kwamba mashine yake ya randa imesimama, mbao za mteja zinamsubiri, tumfanyie hima virudi na basi la Jumatatu. Nikapanga kisu cha kwanza mezani, nikabonyeza. Kimya. Jiwe halikuzunguka. Nikabonyeza tena, kimya. Nikafungua sanduku langu, nikapima transfoma, nikapima daiodi, nikakaza kila skrubu. Nikajisemea kazi yangu ni bure kabisa, na kwamba wewe ulikuwa sahihi tangu mwanzo.

Tajiri akaja na kikombe chake cha chai mkononi. "Inasumbua?"

"Rilei inakataa, tajiri."

"Si uiruke? Unga waya moja kwa moja, mtu wa Mafinga apate visu vyake. Mengine mtayaangalia baadaye."

Bisibisi nilikuwa nayo mkononi. Nilikuwa namfikiria kaka yako na mbao zake. Nikauinua waya. Ndipo nikasikia mlangoni brashi imeacha kusugua.

"Festo, achia huo waya," Ambakisye akasema.

"Shemeji yangu anasubiri, ndugu yangu."

"Mwache asubiri. Hiyo mashine inakataa, ina sababu. Tujue kwanza sababu yake."

Akaingia ndani. Akapita karibu na jiwe, akafika pembeni, akainua kifuniko cha lile sanduku la mbao kwa mkono wake mbovu. Ndani mlikuwa mtupu. Hata tambara la kupangusia halikuwepo.

Tukageuka wote kumtazama tajiri. Akanywa chai. "Basi si ule msiba," akasema. "Walikuja kuomba betri za spika. Ningewanyimaje watu waliofiwa?"

Na kweli, angewanyimaje? Hata mimi ningewapa. Alizitoa, akafunga kifuniko vizuri, akasahau kusema. Na mimi usiku kucha nilikuwa nazisifia spika zinazolia kwa betri zangu mwenyewe. Tulicheka mpaka Dada Tusekile akatoka kibandani kwake kuuliza kuna nini, na alipoambiwa akatukana kidogo, kisha akacheka kutushinda.

Betri zikarudishwa zimekufa kabisa, tukazichaji mpaka mchana. Jiwe likakubali kuzunguka. Nikaanza kunoa visu vya kaka yako, kimoja baada ya kingine. Nilipokuwa kwenye kisu cha mwisho, redio ya jirani ikazimika. Taa ikazima. Umeme umekatika, Mama Neema, kisu kikiwa mezani na jiwe likiwa juu yake.

Sitakudanganya, niliruka nyuma. Wote tulirudi nyuma, na tajiri alikuwa wa kwanza kufika nje. Jiwe likaendelea kuvuma lenyewe, linapungua, linapungua, mpaka likasimama. Tukasikiliza. Hakuna kilichoruka. Ambakisye ndiye aliyekwenda mezani. Akakishika kisu kwa mkono mzima, akakivuta. Akakishika kwa yote miwili, ule mzima na ule unaokunja nusu, akavuta mpaka mishipa ya shingo ikatoka. Kisu hakikusogea.

"Hakijaondoka," akasema. "Baba Neema, hakijaondoka."

Akakaa chini palepale kwenye vumbi la chuma, akalia. Na mimi nikalia, na sioni haya kukuambia. Kesho yake alikuja amevaa ovaroli yake ya zamani, mkewe ameifua na kuinyoosha, akasimama mahali pake kwenye mashine. Jiwe lilipoanza kuvuma alitoka jasho usoni, lakini hakwenda chooni.

Nimekueleza yote, hata lile la waya nililoinua, maana ungekuja kulisikia kwa Ambakisye na ulimi wake. Kama angekaa kimya mlangoni, tungeanza kazi ile asubuhi bila betri, na umeme ulipokatika mchana sijui leo ningekuwa nakuandikia nini. Hofu yake ndiyo iliyotuokoa, na hofu yako ni ya namna hiyohiyo. Sitaipigia kelele tena kwenye simu.

Ninachokuomba ni kimoja. Shule zikifungwa, njoo na watoto. Nitaweka kisu mezani, nitawasha jiwe, na wewe utasimama kwenye swichi kubwa ya ukutani uikate mwenyewe wakati wowote unaotaka, bila kuniambia. Uone kwa macho yako. Moyo wako ukikataa hata baada ya hapo, nitakunja ovaroli yangu tupande basi moja kurudi Mafinga, na sitasema neno.

Visu vya kaka yako nimevifunga pamoja na barua hii. Mpe, na umwambie asivijaribu kwa kidole gumba kama kawaida yake, vinakata kweli. Msalimie mama, mwambie dawa ya miguu nitamtumia. Msalimie mwalimu wa kwaya, aniwekee nafasi yangu kwenye besi. Msalimie sana baba mkwe, umsomee mahali palipoandikwa habari za Ambakisye, yeye ataelewa kuliko sisi sote. Pombe yake ya ulanzi aipunguze. Neema na mdogo wake uwabusu kwa niaba yangu.

Dirisha liko wazi hapa chumbani na upepo wa huku unajua kusumbua. Nataka ujue tu nilivyokaa. Mkono wa kulia unaandika. Wa kushoto umeishika karatasi isiteleze.

Mume wako,
Festo, baba yake Neema